Sura ya 6: Jibu Hili Limetoka Wapi?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hukutana kila Jumapili saa tisa alasiri chini ya mwembe, na sanduku lenye kufuli tatu huwekwa katikati ya duara. Funguo zake ziko kwa watu watatu, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama haruhusiwi kununua zaidi ya hisa tano kwa mkutano mmoja. Mimi ni katibu. Daftari la mkono lipo, ila ripoti ya wiki naiandaa kwenye kompyuta: maelezo, orodha ya hisa na hesabu yenyewe, vyote ndani ya faili moja, na chini ya kila hesabu jibu lake.

Jumapili moja karatasi yangu ilisema 435,000. Fedha zilihesabiwa mara mbili mbele ya watu wote, zikawa 415,000.

Hakuna aliyemtazama katibu. Macho yote yalikwenda kwa mweka hazina, mama mtu mzima aliyeshika kazi hiyo tangu kikundi kianze. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama, hebu tuhesabu tena." Akahesabu mara ya tatu, noti moja moja, akizilaza juu ya kanga. Zikawa 415,000. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, hiyo namba yako imetoka wapi?"

Swali lake ndilo la sura hii nzima. Anayeandika msimbo ndani ya maandishi yake na kuuendesha papo hapo huliona jibu likijitokeza chini yake, karibu kabisa, kama mtoto mgongoni kwa mamaye. Ukaribu huo unadanganya. Kati ya msimbo na jibu kuna safari yenye vituo, na karibu kila jibu la ajabu nililowahi kulifuatilia nililikuta limeharibikia kwenye kimojawapo cha vituo hivyo, huku hesabu yenyewe ikiwa salama. Kwa hiyo jibu likikushangaza, usikimbilie kuuchokonoa msimbo. Uliza kwanza limepita wapi.

Chombo ninachotumia ni Emacs, programu ya kuandikia maandishi iliyozaliwa mwaka 1976 pale MIT, Marekani, na ambayo toleo lake la GNU, la Richard Stallman, lilitoka mwaka 1985. Ndani ya Emacs kuna Org, mfumo wa kuandika na kupanga kazi ulioanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Baadaye Eric Schulte na Dan Davison waliutengenezea sehemu ya kuendesha msimbo wakaiita Babel, kwa kuwa inasema lugha nyingi kama wajenzi wa ule Mnara wa Babeli: Python, R, Bash, SQL na nyinginezo, zote katika faili moja. Mwaka 2012 wawili hao, pamoja na Dominik na mwanaakiolojia Thomas Dye wa Hawaii, waliueleza mfumo huo katika jarida la Journal of Statistical Software. Wazo la kuchanganya maelezo na msimbo lilikuwepo kabla yao; Donald Knuth aliliandikia makala mwaka 1984, akitaka programu isomeke kama insha. Babel hulirudisha na jibu kwenye ukurasa uleule. Hapo ndipo penye raha yake, na ndipo tabu zetu zinapoanzia.

Safari yenyewe iko hivi. Unaweka kishale ndani ya bloku ya msimbo, unashikilia Ctrl na kubonyeza c mara mbili. Babel husoma kichwa cha bloku, yaani ule mstari wa `#+begin_src`, kuona umeagiza nini. Huuchukua msimbo na kuupeleka kwa mkalimani, yaani programu ya Python au Bash au R iliyoko kwenye kompyuta yako. Husubiri. Hupokea kilichorudi, hukivika nguo, halafu hukibandika chini ya neno `#+RESULTS:`. Kila moja ya hatua hizo ina namna yake ya kukuangusha.

Tuanze na kosa ambalo nimewaona watu wengi wakilia nalo siku yao ya kwanza. Wameandika hivi:

```
#+begin_src python
hisa = [3, 5, 2]
print(sum(hisa) * 5000)
#+end_src

#+RESULTS:
: None
```

Walitegemea 50000. Wamepata `None`, yaani hakuna kitu. Wanaendesha tena, `None`. Wanaunakili msimbo na kuupeleka kwenye terminali, unatoa 50000 bila ubishi. Hapo wengi huamua kwamba chombo kibovu, wanakifunga wasirudi tena.

Chombo kinatii agizo ambalo hawakujua wamelitoa. Programu yoyote inaweza kukujibu kwa njia mbili: kwa kile inachokisema kwa sauti wakati inafanya kazi, na kwa kile inachokukabidhi mkononi ikimaliza. `print` ni kusema kwa sauti. Kukabidhi mkononi, kwa Python, ni `return`. Kichwa cha bloku kisiposema lolote, Babel hungoja cha mkononi: huufunga msimbo wako wote ndani ya fanksheni, huiita, na kuandika ilichorudisha. Fanksheni ile haikurudisha kitu, maana hukuiagiza. Yale maneno ya `print` yalitoka kweli, lakini hapakuwa na aliyesimama kuyasikiliza.

Dawa ni kuongeza `:results output` kwenye kichwa cha bloku, ili Babel isikilize sauti, au kuandika `return sum(hisa) * 5000` mahali pa `print`. Mimi nashauri ya kwanza kwa kazi nyingi, na nina sababu. Msimbo wenye `return` iliyoning'inia nje ya fanksheni hauendeshwi na Python popote pengine. Ukiunakili kwenda kwenye faili la kawaida unakataa. Na hata ndani ya Babel, ukiiendesha bloku hiyo katika kikao, jambo ambalo tutalifikia, `return` ile inageuka kuwa kosa, kwa sababu kikao hakifungi msimbo ndani ya fanksheni. Chenyewe hutazama thamani ya mstari wa mwisho. Msimbo unaosema kwa sauti unasafiri nao kokote.

Ila angalia unavyoiandika amri yenyewe. Kuna jioni nzima niliyoipoteza kwa sababu ya herufi moja: niliandika `:result output`, bila s. Babel haikulalamika. Neno isilolijua huliacha lipite, ikaendelea kungoja cha mkononi kama kawaida. Tangu hapo, kabla ya kutilia shaka jambo jingine lolote, nabonyeza C-c C-v (C- ni Ctrl) kisha c, amri inayokagua kichwa cha bloku na kuonya pakiwa na neno linaloelekea kukosewa tahajia. Ipo pia C-c C-v kisha I kubwa, inayoonyesha maagizo yote yanayoihusu bloku uliyosimama, pamoja na yale yaliyorithiwa kutoka juu ya faili. Hiyo ya pili inafaa sana kwenye faili refu, ambako mtu aliweka agizo ukurasa wa kwanza miezi sita iliyopita akalisahau.

Wakati mwingine safari hukatika hata kabla ya kuanza. Unaambiwa `No org-babel-execute function for python!` Maana yake ni nyepesi: hiyo lugha hujaifungulia mlango. Emacs mpya huja na lugha moja tu iliyoruhusiwa, Emacs Lisp, na nyingine unaziongeza mwenyewe kwa `org-babel-do-load-languages` katika faili la mipangilio. Kwa Bash jina la kuandika pale ni `shell`, ingawa kwenye bloku unaandika `bash` au `sh`, na tofauti hiyo imewachanganya wengi. Na kabla ya kuendesha, Babel hukuuliza kama una hakika. Watu huchoka na swali hilo wakalizima. Ninawasihi wasilizime kwa faili wasizoziandika wao. Bloku ya msimbo katika maandishi ya mtu mwingine inaweza kufuta folda yako nzima, na unachohitajika kufanya ni kubonyeza tu.

Mkalimani naye anaweza kuwa si yule unayemdhania. Kwenye kompyuta moja Python zinaweza kuwa tatu: iliyokuja na mfumo, uliyoipakua mwenyewe, na iliyomo ndani ya folda ya mradi. Ukiwa kwenye terminali anaitwa huyu, ukiwa ndani ya Emacs anaitwa yule. Kwenye Mac jambo hili ni la kila siku, kwa kuwa Emacs iliyofunguliwa kwa kubofya picha yake haisomi njia ulizoziandika kwenye mipangilio ya terminali. Tena mwaka 2022, kuanzia macOS 12.3, Apple waliiondoa Python 2 iliyokuwa ikija na mfumo, na amri tupu `python` ikabaki bila mwenyewe kwenye mashine nyingi. Ukiona maktaba uliyoisakinisha jana inaambiwa haipo, usiisakinishe tena. Muulize mkalimani jina lake:

```
#+begin_src python :results output
import sys, os
print(sys.executable)
print(os.getcwd())
#+end_src
```

Mstari wa kwanza wa jibu utakwambia ni Python ipi inayofanya kazi, na wa pili utakwambia imesimama kwenye folda gani. Mistari hiyo miwili imenitatulia matatizo mengi kuliko saa zote nilizowahi kukaa nikiusoma msimbo. Mkalimani akiwa siye, unamtaja kwa njia kamili katika `org-babel-python-command`. Folda ikiwa siyo, unaweka `:dir` kwenye kichwa.

Sasa twende kwenye Bash, ambako mambo ni ya ajabu zaidi na yanastahili kutazamwa kwa karibu. Endesha bloku hii:

```
#+begin_src bash :results output
echo "Weka jina:"
read jina
echo "Karibu"
echo "Jina ni $jina"
#+end_src

#+RESULTS:
: Weka jina:
: Jina ni echo "Karibu"
```

Litazame vizuri jibu hilo. "Karibu" haikutamkwa, na jina la mtu limekuwa kipande cha msimbo. Ukiliona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kompyuta imeingiliwa. Kumbe sababu ni njia ambayo msimbo unapitishwa. Babel huupitisha kwa Bash kupitia mlango uleule ambao kwenye terminali maneno ya kibodi huingilia. Bash inasoma mstari, inautekeleza, inasoma unaofuata. Ikafika kwenye `read`, amri inayosema "soma mstari mmoja kutoka mlangoni." Hakuna mtu kwenye kibodi. Kilichokuwa kimesimama mlangoni ni mstari unaofuata wa msimbo wenyewe, nao ukasomwa kama jibu la mtu.

Umbo la hatari zaidi la kosa hili linakuja na `ssh`, amri ya kuingia kwenye seva ya mbali. Nayo, isipozuiwa, husomba kila kilichopo mlangoni na kukipeleka kule. Bloku ina mistari kumi, `ssh` iko kwenye mstari wa tatu, na saba iliyobaki haitekelezwi kamwe, wala hakuna kosa linaloandikwa. Mtu anaona nakala ya data imechukuliwa, hajui kwamba mstari wa kuikagua haukuguswa. Ukiandika `ssh -n` mlango unafungwa. Kwa amri nyingine yoyote yenye tabia hiyo, ongeza `</dev/null` mwishoni. Na bloku inayohitaji jibu la mtu, usiiandike kama bloku. Ipeleke terminali, ndiko kwenye kibodi.

Bash inaficha na jambo jingine. Babel hukusanya sauti ya kawaida tu. Malalamiko ya programu hupita njia ya pili, na hujitokeza kwenye dirisha jingine liitwalo `*Org-Babel Error Output*`. Mtu aliyekaza macho kwenye `#+RESULTS:` huona ni patupu, akasema "haijatoa kitu," na kumbe imelalamika kwa urefu jirani tu. Nikiwa naichunguza bloku ya Bash huweka kwenye kichwa `:prologue "exec 2>&1"` pamoja na `:epilogue ":"`. Agizo la kwanza huunganisha njia mbili ziwe moja. La pili ni amri isiyofanya chochote ila kumaliza kwa salama, ili Babel isiache kuyabandika yaliyotoka kwa sababu tu amri ya mwisho ilianguka.

Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe hapa. Andika kwenye Bash `echo Tumeuza ng'ombe 3`, uone. Kile kikoma cha juu cha ng' kwa Bash ni alama ya kufungua nukuu, na Bash itameza kila kinachofuata, mstari baada ya mstari, ikitafuta pa kuifungia. Itafika mwisho wa bloku bila kupaona na kukwambia `unexpected EOF`, ikitaja mstari ambao huenda hauna kosa lolote. Kwa Python `'ng'ombe'` inavunjika vivyo hivyo. Ng'ombe, ng'ambo, ng'arisha, Nyang'hwale: majina ya watu, vijiji na bidhaa zetu yamejaa alama hiyo. Zungushia maneno yako nukuu mbili, `"ng'ombe"`, liwe desturi tangu siku ya kwanza. Na kama maandishi umeyanakili kutoka kwenye programu ya ofisi, kagua alama yenyewe, maana zile programu huigeuza kuwa iliyopinda. Hapo Bash haitalalamika, lakini ukitafuta neno "ng'ombe" kwenye data hutalipata, na utahesabu sifuri mahali penye mia.

Jibu likishatoka salama kwa mkalimani, bado halijafika. Babel hukitazama kilichorudi na kujaribu kukipangia umbo. Isipoambiwa vinginevyo, matokeo ya Bash yenye maneno mengi hugeuzwa kuwa jedwali. Orodha ya `ls -l` huja imekatwa kwenye kila nafasi, na faili lenye jina la maneno mawili hulala kwenye safu mbili. Mistari yote ikiwa na mkato, mkato unaweza kuchukuliwa kuwa ndio mpaka wa safu, na kwa anayeandika fedha za Kitanzania hilo ni jambo zito: 415,000 huweza kuvunjwa ikawa 415 huku na 000 kule. Kinachofanana na namba nacho hufanywa namba, kwa hiyo toleo la programu 1.10 hurudi likiwa 1.1, ambalo ni toleo jingine kabisa. Hesabu haina kosa hapo, ni mavazi tu. `:results output` hukupa kilichosemwa kama kilivyosemwa, na `:results verbatim` huzuia kukatwakatwa. Kwangu mimi jedwali ni la kuombwa, lisije lenyewe.

Picha hazina mengi. Grafu ikionekana ya zamani ingawa data ni mpya, mara nyingi faili limebadilika ila Emacs bado inaonyesha ile iliyokwisha kuichora. C-c C-x C-v mara mbili, yaani kuificha na kuionyesha tena, inatosha.

Kikao ndicho nilichokuwa nakingojea.

Kwa kawaida kila bloku ya Python huanza upya: mkalimani anaitwa, anafanya kazi, anaondoka na kumbukumbu zake. Bloku ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza. Hilo linachosha, hivyo tunaweka `:session` na jina, na mkalimani anabaki amekaa. Orodha uliyoiandika juu ya ukurasa inapatikana chini ya ukurasa. Ni raha kubwa, nami ndivyo nilivyoandika ripoti ya kikundi. Bloku ya kwanza ilikuwa na orodha ya hisa za waliofika kwa wakati. Ya pili na ya tatu zilikuwa hizi:

```
#+begin_src python :session kikundi :results output
hisa.append(4)
#+end_src

#+begin_src python :session kikundi :results output
print(sum(hisa) * 5000)
#+end_src
```

Mwanachama mmoja alichelewa, akanunua hisa nne, nikamwongeza kwa bloku ya pili. Bloku ile haitamki kitu, kwa hiyo chini yake hapakuonekana chochote. Sikuwa na hakika kama imeendeshwa. Nikabonyeza tena.

Hesabu ndiyo hiyo. Kwenye ukurasa nyongeza ni moja. Kwenye kumbukumbu za mkalimani ni mbili. Ukurasa ulisema hisa 83, kikao kikashika 87, na hisa nne kwa shilingi 5,000 ni 20,000 kamili. Aliyeisoma ripoti ile neno kwa neno asingeliona kosa, kwa sababu ndani ya maandishi halimo. Lilikuwa kwenye historia ya vidole vyangu, na historia hiyo haichapishwi.

Jambo hili haliko Emacs peke yake. Kila chombo kinachomweka mkalimani akae na kumruhusu mwandishi kuendesha vipande kwa mpangilio wowote kina hatari hii. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha utafiti juu ya daftari za Jupyter, chombo kimojawapo cha aina hiyo, zipatazo milioni 1.4 zilizokusanywa kutoka GitHub. Kati ya zile walizojaribu kuziendesha upya, asilimia 24 tu zilifika mwisho bila kosa, na asilimia 4 tu zilitoa majibu yaleyale yaliyokuwa yameandikwa ndani yake. Sababu zilikuwa nyingi, maktaba zilizokosekana zikiwamo, lakini mpangilio wa kuendesha na kumbukumbu zilizofichika ni miongoni mwazo. Daftari hizo zilikuwa zimewekwa hadharani. Kila jibu lililokuwa chini ya kipande cha msimbo lilikuwa kweli siku moja, saa moja, kwenye mashine moja.

Kuna ndugu wawili wa kosa hili ambao nitawataja kwa haraka. `:cache yes` huiambia Babel isiendeshe tena bloku ambayo haijabadilika. Lakini Babel hutazama msimbo na maagizo yake, haitazami faili la data ambalo msimbo unalisoma; data ikibadilika nje, jibu la jana litaendelea kusimama pale kwa utulivu. Na unapotoa PDF, kawaida ya Babel ni kuchapa msimbo bila jibu, kwa hiyo anayeuliza matokeo yamekwenda wapi anahitaji `:exports results` au `:exports both`.

Nilichokifanya chini ya mwembe siku ile ndicho ninachokifanya mpaka leo, na ndicho ninachokuomba msomaji ukijaribu kabla ya kubadilisha hata herufi moja ya msimbo wako. Nilifungua kompyuta kwenye mkeka. Nikakiua kikao, dirisha lake likafungwa na kumbukumbu zote zikaenda nalo. Nikayafuta majibu yote kwenye faili kwa C-u C-c C-v k, ili lisibaki jibu lolote la zamani la kunidanganya. Kisha C-c C-v b, inayoendesha bloku zote za faili kutoka juu mpaka chini, kila moja mara moja, kwa mpangilio uleule ambao msomaji anazisoma. Likatoka 415000.

Mwenyekiti aliinama akaisoma namba kwenye skrini, akawasomea wengine. Nilisimama nikawaeleza kwamba bloku moja niliiendesha mara mbili, na kwamba sanduku halikuwa na upungufu wowote tangu mwanzo. Nikamwomba radhi mweka hazina mbele ya wote, kwa kuwa alishukiwa mbele ya wote. Alinijibu kwamba amenisamehe, ila karatasi ya 435,000 ichanwe. Ikachanwa.

Siku hizi ile bloku ya `append` haipo tena. Anayechelewa anaandikwa kwenye orodha yenyewe, juu, pamoja na wenzake, na ripoti nzima inaendeshwa bila kikao. Inachukua muda kidogo zaidi kutoa jibu. Na kwenye mkutano fedha zinahesabiwa kwanza, ndipo karatasi ya katibu inasomwa.